Mume wangu ana Parkinson, anaanguka kila mara na hataki nimshike

SWALI

Shangazi, salamu.

Mume wangu ana miaka 67 na ana ugonjwa wa Parkinson, huu unakaribia mwaka wa tisa. Miaka ya mwanzo tuliumudu. Mkono wa kulia ulitetemeka, mwandiko ukawa mdogo hadi sahihi yake ikawa haifanani na ile ya zamani, lakini alivaa mwenyewe, alitoka mwenyewe, na mtu asiyemjua asingegundua kitu. Anatumia levodopa, dawa ya ugonjwa huu, mara nne kwa siku, na kuna kidonge cha presha alichokianza zamani kabla ya haya yote.

Sasa kutetemeka si hoja tena. Hoja ni kuanguka. Asubuhi akitoka kitandani anapiga hatua mbili tatu, anasema macho yameingia giza, magoti yanalegea na tayari yuko chini. Mchana akifika kwenye mlango wa jikoni na kikombe mkononi, miguu inaganda pale kizingitini huku kiwiliwili kinaendelea mbele. Akivuta mlango wa kabati anarudi kinyumenyume kwa vihatua vidogo vidogo mpaka ukuta umzuie, na pasipo na ukuta ni kisogo. Usiku ndiyo balaa zaidi. Anaamka kwenda chooni gizani kwa sababu hataki kunisumbua, na mimi naamshwa na kishindo.

Nikimkuta ameganda mlangoni namshika mkono namvuta. Mara ya mwisho tulianguka wote wawili, yeye juu yangu, na tangu hapo mgongo wangu haujakaa sawa.

Watoto wamegawanyika. Kijana wetu mkubwa anasema tununue kiti cha magurudumu, baba akae humo na asiinuke mpaka awepo mtu wa kumshika. Binti yetu anasema huko ni kumfunga baba akiwa hai. Mimi niko katikati. Mwenyewe anaficha. Juzi niligundua ameanguka baada ya kuona damu kwenye mkono wa shati. Nikimuuliza ananijibu kwa sauti ndogo ambayo siisikii, na uso wake siku hizi hauonyeshi chochote, kwa hiyo hata sijui kama amekasirika, ana aibu au ananidharau.

Silali vizuri. Kitu kikidondoka chumba cha pili moyo wangu unaruka. Sitoki nyumbani. Kutwa kucha maneno yangu ni "kaa", "ngoja", "usiinuke". Wiki iliyopita aliniambia, "Nilioa mke, sikuoa askari." Shangazi, iliniuma kuliko mgongo.

Nimzuie asitembee? Akiganda nifanye nini? Akishaanguka nimwinueje mimi peke yangu? Na je, ndiyo tumefika mwisho wa safari?

Mke wa Askari, au Askari Mwenyewe

JIBU

Dada yangu,

Usimkalishe. Nakujibu hilo kwanza kwa sababu naona ndilo mnaloligombania, na kila siku linapobaki bila jibu mnaishia kulijibu kwa kufokeana. Mwanao anamtakia baba yake mema, lakini mtu mwenye Parkinson anayewekwa kitini kutwa nzima hupoteza nguvu za mapaja, viungo hukaza, pumzi hupungua, na siku atakapoinuka tu (maana atainuka, utakapokuwa bafuni) ataanguka vibaya zaidi ya anavyoanguka sasa. Kiti cha magurudumu kina kazi yake: safari ndefu, mahali penye msongamano, saa ambazo dawa imeisha nguvu. Mnunulieni kwa ajili ya hayo, na siku nyingine kikae pembeni.

Wala usidhani mumeo anaanguka kwa ukaidi. Daktari James Parkinson wa London alipouelezea ugonjwa huu mwaka 1817, tayari aliandika kuhusu mwili unaoelekea kuinama mbele na hatua zinazoacha kutembea na kuanza kukimbia. Takriban watu 6 kati ya 10 wenye ugonjwa huu huanguka angalau mara moja katika mwaka, na wengi wao hurudia. Miaka tisa tangu kugunduliwa, hili halishangazi. (Msomaji mwingine ambaye mwenza wake ameanza kuanguka mara kwa mara ndani ya mwaka wa kwanza tu, mwambie daktari haraka, kwa kuwa yapo magonjwa mengine yanayofanana na Parkinson ambayo huanza hivyo na hutibiwa tofauti.)

Sasa isome tena barua yako. Umeniandikia kuanguka kwa namna nne, na hakuna hata moja inayofanana na nyenzake. Wewe unaziweka zote kapu moja la "anaanguka", kisha unatafuta dawa moja, nayo ni kumwambia akae. Mimi naona kila moja ina chanzo chake, na angalau mbili kati ya hizo nne zinaweza kupungua sana bila mtu kumshika mtu.

Ile ya asubuhi kwanza. Macho kuingia giza, magoti kulegea, hatua mbili tatu tangu kitandani: hiyo inanuka presha, presha ya kushuka. Mtu akisimama, damu huteremka miguuni, na neva hutakiwa kuibana mishipa ili damu ifike kichwani. Parkinson huzidhoofisha neva hizo. Levodopa nayo inaweza kuishusha presha zaidi. Juu ya yote hayo kuna kidonge ulichokitaja kwa kupita tu, kile cha presha cha tangu zamani. Huenda alikihitaji wakati ule, na leo ndicho kinachomwangusha. Sikwambii umwachishe, nakwambia mpime. Alale chali dakika tano, upime. Asimame, upime baada ya dakika moja, kisha baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mmekipata chanzo. Fanya hivyo asubuhi kadhaa, andika, mpelekee daktari. Akisikia kizunguzungu wakati wa kupima, akae mara moja, namba isimwangushe.

Wakati mnasubiri daktari, asiruke kutoka kitandani. Anywe glasi ya maji akiwa bado kitandani, akae ukingoni dakika mbili tatu huku akipandisha na kushusha visigino, ndipo asimame, na akishasimama ahesabu hadi kumi kabla ya kupiga hatua. Inueni kidogo kitanda upande wa kichwani. Maji ya moto sana ya kuoga, joto kali na mlo mkubwa wa mara moja vyote huishusha presha. Habari za kuongeza chumvi utazisikia kwa watu, na kweli husaidia baadhi ya wagonjwa, ila wapo ambao presha hushuka wakisimama na kupanda wakilala, kwa hiyo hilo aliamue daktari.

Tuje mlangoni, ambapo wewe na yeye mlilala sakafuni pamoja.

Kutembea kwetu sisi wengine hakuhitaji fikra. Ubongo unalo fungu linaloendesha hatua lenyewe, na fungu hilo hutegemea dopamini, kemikali ambayo Parkinson huimaliza. Likikwama, miguu inaganda, na hupenda kukwama mahali maalumu: mlangoni, kwenye kugeuka, penye nafasi finyu, wakati wa haraka, wakati akili iko kwenye jambo jingine. Ukimvuta, unausogeza mwili wa juu wakati nyayo hazijapokea amri. Lazima aanguke. Ukimsukuma kwa nyuma ni vilevile, na ukimwambia "tembea, tembea" unaongeza pupa ambayo ndiyo iliyomgandisha.

Habari njema ni kwamba ubongo una njia ya pili, ile ya kukusudia. Mtu aliyeganda kabisa kwenye sakafu tupu anaweza kuruka mstari uliochorwa mbele yake bila shida, na wengi hupanda ngazi vizuri kuliko wanavyopita mlangoni. Kwa hiyo akiganda, nyamaza kidogo. Simama ubavuni pake, si mbele. Aache kupambana, anyooke, avute pumzi. Kisha ahamishe uzito mguu wa kushoto, mguu wa kulia, taratibu, na apige hatua moja kubwa kwa makusudi, kisigino kikitangulia. Wengine husaidiwa na mwenza anayeweka mguu wake mbele yao ili wauvuke. Wengine huhesabu "moja, mbili, tatu, nenda", wengine huimba moyoni wimbo wenye mdundo wa kutembea. Jaribuni zote saa ambayo yuko vizuri, mjue upi ni wake, maana unaomfaa jirani huenda usimfae. Pale kizingitini bandikeni vipande vya utepe wa rangi inayoonekana, mkivilaza kwa mapana ya njia, kila kimoja mbele ya kingine kwa umbali wa hatua moja, kabla na baada ya mlango. Mpe mkono wako aushike yeye. Usiushike wake wewe. Hilo ni dogo kulisikia, ila lina maana kubwa, kwa kuwa anayeshika ndiye anayeamua lini aachie.

Na kikombe? Kikombe kisitembee naye. Kubeba kitu na kutembea ni kazi mbili, na ubongo wake kwa sasa unaimudu moja. Vivyo hivyo kuzungumza. Ukiwa na swali, msubiri afike. Usimwite kutoka nyuma, kwa sababu atageuka, na kugeuka ni mtego mwingine. Simu ikilia, iacheni ilie. Nyumba nyingi zingepunguza kuanguka kwa jambo hili moja tu, watu kukaa kimya wakati mgonjwa anatembea, lakini ni gumu kwelikweli kwa sababu sote tunadhani kumzungumzisha ni kumtia moyo.

Chunguza pia saa. Nunua daftari, uandike saa aliyomeza dawa, saa aliyoganda, saa aliyoanguka na alichokuwa akifanya. Usiandike neno la lawama humo. Baada ya majuma mawili huenda ukaona kuganda kunakuja dakika za mwisho kabla ya dozi inayofuata, yaani dawa imeisha nguvu. Hapo daktari anaweza kusogeza saa, kugawanya dozi au kuongeza kitu. Ukiona anaganda hata wakati dawa iko kileleni, hiyo nayo ni habari muhimu, kwa sababu tiba yake ni nyingine. Levodopa imezwe kwa saa yake, si "baadaye kidogo", na ikiwezekana nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula, kwa kuwa protini nyingi kwenye chakula hugombania njia moja na dawa hiyo ya kuingia mwilini. Isikatizwe ghafla kamwe, hata akilazwa kwa ugonjwa mwingine. Wauguzi wa wodi ya mifupa au ya upasuaji huenda wasijue saa zake, wewe zijue.

Kabati ni hadithi nyingine. Wewe ukisukumwa kidogo kuelekea nyuma, mguu wako unarudi wenyewe kukuokoa. Kwake mwitiko huo umepungua, ndiyo maana anarudi kwa vihatua vinavyozidi kasi. Hapo dawa za vidonge mara nyingi hazisaidii sana, kwa hiyo tegemeo ni mazoezi na namna ya kusimama. Anapovuta mlango wowote asimame kando yake, si mbele yake, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, na mkono wa pili ushike kitu kilichokaza. Vitu vyake vya kila siku vikae kati ya kiuno na bega, asivifuate juu wala chini. Akitaka kugeuka asijizungushe papo hapo kwa kupishanisha miguu. Azunguke kwa duara pana, au apige hatua ndogo ndogo za makusudi akifuata namba za saa ya ukutani. Akitaka kukaa, arudi mpaka nyuma ya miguu yake iguse kiti, ndipo ashuke.

Mtafutieni mtaalamu wa fiziotherapia, ikiwezekana anayewajua wagonjwa wa Parkinson. Hili nalisisitiza kuliko fimbo au kiti mtakachonunua. Utafiti mmoja uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watu 195 wenye Parkinson isiyokuwa kali sana. Waliofundishwa tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya kuhamisha uzito polepole, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo peke yake. Si lazima iwe tai chi. Iwe kitu kinachoufundisha mwili kuhamisha uzito na kupiga hatua kubwa, na kiwe cha kudumu. Mtaalamu huyo ndiye pia akuchagulieni kifaa cha kutembelea. Kile cha kunyanyua na kuweka chini kila hatua huvunja mdundo na kinaweza kuongeza kuganda. Cha magurudumu kinaweza kumkimbia mtu ambaye hatua zake huongeza kasi, kwa hiyo breki ziwe nzuri na azimudu. Fimbo nazo baadhi ya watu huzibeba tu hewani. Viatu viwe vya kufunga kisigino. Ndara ziondoke. Soli ya mpira inayong'ang'ania sakafu si rafiki wa mtu anayeburuza nyayo, ingawa wauzaji huisifia.

Usiku. Kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe kwa wengi, na saa hizo dawa ya jioni imeshaisha, yaani anatembea akiwa katika hali mbaya kuliko zote, gizani, na presha ikishuka kwa sababu ameinuka ghafla kutoka kulala. Kisha anajitahidi asikuamshe! Huo ni upendo, dada yangu, hata kama unaishia kwa kishindo. Mwambie umeuona.

Njia rahisi ni asitembee kabisa usiku. Chupa ya kukojolea kando ya kitanda, atumie akiwa amekaa ukingoni. Akiikataa kwa aibu, mwachie achague kati yake na kiti chenye chombo cha choo kiwekwe karibu. Taa ndogo ibaki inawaka, au ile inayowaka yenyewe mtu akijisogeza. Zulia dogo la kando ya kitanda litoke, na la bafuni pia kama halijang'ang'ania sakafu. Bafuni kuwe na vishikizo vilivyofungwa ukutani kwa skrubu. Cha kutundikia taulo si kishikizo, kitang'oka naye. Kiti cha kuogea kiwemo. Vinywaji vya jioni vipungue, lakini mchana anywe maji ya kutosha, tusije tukatibu kibofu tukaharibu presha. Na kama usingizini hupiga kelele au kurusha mateke, mueleze daktari, kwani wapo wanaoanguka kutoka kitandani wakiwa ndotoni.

Sasa kumwinua. Kwanza, usimwinue. Akishaanguka, haraka imekwisha. Hakuna kinachoharibika mkikaa sakafuni dakika mbili. Kaa karibu naye, muulize wapi panauma, tazama kichwa, nyonga, viganja. Kama amegonga kichwa kwa nguvu, hasa akiwa anatumia dawa ya kuyeyusha damu, au anatapika, anasinzia ovyo, anachanganyikiwa, au kichwa kinazidi kuuma, mpeleke hospitali hata kama mwenyewe anasema "niko sawa". Kama nyonga inauma au mguu haukubali uzito, asisogezwe. Ita msaada, mfunike asipate baridi.

Akiwa mzima, kazi yako ni kuleta viti viwili na kutoa maelekezo. Ageuke ubavu, ajisukume kwa mikono, apige magoti na viganja. Weka kiti imara mbele yake, ashike sehemu ya kukalia. Mguu wenye nguvu zaidi aulete mbele, unyayo wote ukae sakafuni. Asukume kwa mikono na mguu huo, na anapopanda, sogeza kiti cha pili nyuma yake akae. Apumzike hapo kabla ya kusimama, presha ipate nafasi. Usimnyanyue kwa makwapa: utamuumiza bega, na mgongo wako utakwisha. Jifunzeni hili mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia siku ambayo hajaanguka. Akishindwa kuinuka, tafuta mtu wa pili. Asilale sakafuni saa nyingi, na akikaa hapo saa ya dawa ikafika, dawa aimeze.

Kuna jambo linakuhusu wewe moja kwa moja. Huwezi kumdaka. Mwili wa mtu mzima unaoporomoka hauzuiliki kwa mkono wa mtu aliyesimama kando, na nyumba yenye wagonjwa wawili haina wa kuiendesha. Akianguka mbele yako ukashindwa kumzuia, hukumwangusha wewe. Uende ukapimwe huo mgongo, na ukapimwe wewe, si ukaombe ushauri kwa niaba yake tu.

Daktari aulizwe pia kuhusu mifupa. Watu hudhani mifupa myepesi ni habari za wanawake, kumbe wanaume wenye Parkinson nao huwa katika hatari, na kipimo cha uzito wa mifupa pamoja na vitamini D vinaweza kuamua kama kuanguka kutaishia kwenye mchubuko au kwenye nyonga iliyovunjika. Akianza kuanguka zaidi ghafla ndani ya siku chache, usiseme ugonjwa umeendelea. Parkinson haiendi kwa kasi hiyo. Tafuta maambukizi ya njia ya mkojo, homa, dawa mpya. Na akipewa dawa ya kichefuchefu popote pale, uliza jina: metoclopramide na prochlorperazine huzuia dopamini, zinaweza kumgandisha mwili mzima. Vivyo hivyo haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili.

Nimebakiza maneno aliyokwambia, ya mke na askari.

Ule uso usioonyesha kitu ni misuli ya uso iliyokaza, na sauti ndogo ni misuli ya koo na kifua. Si dharau. Usimsome usoni tena, muulize, "Umekasirika?", na umpe muda wa kujibu, kwani jibu nalo huchelewa. Anaficha kuanguka kwa sababu kila anguko analokiri humgharimu uhuru mwingine. Ukitaka akwambie, lazima kukwambia kusiwe na adhabu. Mwambie hivyo hivyo: "Nieleze ulipoanguka, niandike kwenye daftari, sitakukataza kitu." Kisha utimize ahadi, hata ulimi ukikuwasha.

Kaeni naye saa ambayo dawa imekolea, watoto wakiwa hawapo, mpatane. Kuwe na mambo machache ambayo yeye anakubali bila mjadala: chupa ya usiku, mikono mitupu anapotembea, kukaa ukingoni mwa kitanda asubuhi. Badala yake, wewe uache "kaa", "ngoja" na "usiinuke". Chagueni neno moja tu la kumkumbusha, alichague yeye. Wengi hupenda "hatua kubwa". Na kuwe na jambo moja analolipenda ambalo ataendelea kulifanya hata kama lina hatari yake, mkijua wote wawili kwamba lina hatari. Mtu mzima ana haki ya kuchagua ni kwa ajili ya nini yuko tayari kuanguka. Hapo nafahamu sitakubaliwa na kila msomaji, lakini ndivyo ninavyoamini. Sharti ni kwamba uamuzi awe anauelewa. Ukiona anasahau sana au hatambui hatari kabisa, sema na daktari, maana mapatano haya yanahitaji kumbukumbu.

Watoto wako wana maoni mengi. Wape zamu. Kijana alale hapo usiku mmoja kwa wiki, wewe ulale chumba kingine mlango ukiwa umefungwa. Binti akae naye mchana mmoja, nawe utoke, na usitoke kwenda kununua dawa. Simu ndogo aivae shingoni kwenye kifuko, au kengele isiyotumia waya, ili akianguka hayupo mtu aweze kuita.

Umeuliza kama mmefika mwisho. Mumeo bado anatembea, anajua anachotaka, na bado anakutania hata anapokuumiza. Mna miaka ya kufanya kazi na hayo, ingawa itakuwa migumu kuliko tisa iliyopita, na siwezi kukuahidi kwamba hataanguka tena. Ataanguka.

Anza na kipimo cha presha kesho asubuhi kabla hajainuka. Ukiona tofauti niliyokutajia, usingoje miadi iliyopangwa. Piga simu umsomee daktari namba hizo, na umtajie kile kidonge.

Shangazi